Sare Isiyofungwa Mgongoni

Getruda alikuwa amekuja kwa dada yake kuazima pasi tu. Lakini mwanamke huyo hawezi kufungua kabati la mtu na kutazama rafu moja. Akaona, nyuma ya makoti, sare mpya ya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, imening'inia, kitenge kingali na ule ugumu wa dukani. Akacheka peke yake. Kumbe dada yake ameshashona ya sikukuu ya Jumapili na anajifanya hana habari na sikukuu! Akaitoa ainyooshe pamoja na yake. Alipoilaza mezani na kuigeuza, pasi ilibaki hewani.

Mbele gauni lilikuwa kamili, lina kola na mikono. Nyuma lilikuwa wazi kutoka shingoni mpaka kwenye pindo. Halikuchanika, wala fundi hakusahau zipu. Kingo zote mbili zilikunjwa na kupigwa mshono mzuri, kama gauni lililokusudiwa libaki hivyo.

Nusu ya wanawake wa parokia ile wangeelewa mara moja. Mama wa WAWATA akifariki huzikwa na sare yake, na pale Bombambili, mjini Songea, anayeitwa kumvisha ni Lidwina, maana ndiye fundi aliyewashonea wengi wao. Mwili uliokwisha kukakamaa haukubali gauni kupitia kichwani. Lidwina huchukua mkasi, akalipasua gauni mgongoni, akaingiza mikono ya marehemu kwa mbele, kisha akachomekea nguo huku na huku. Akishalazwa, waombolezaji wanaona mama yao amependeza, basi.

Getruda akatoka nalo hadi kibarazani, ambako dada yake, Lidwina huyo huyo, alikuwa kwenye cherehani.

"Dada, hii ya nani?"

"Irudishe ulikoitoa."

"Nimeuliza ya nani. Maana kipimo ni chako."

Lidwina hakugeuka. Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani ingawa kitambaa kilikuwa kimekwisha chini ya sindano, na sindano ikawa inadunga hewa.

"Ulituambia daktari kasema uvimbe si wa kupasua," Getruda alisema. Sauti ilikuwa imeanza kupanda. "Ulituambia dawa zinatosha. Shemeji Osmund alichinja kuku kwa furaha, mimi nikala paja zima! Ulitudanganya?"

"Operesheni ni Jumatatu," Lidwina alisema. "Siendi."

Getruda, ambaye hata kanisani huongea, alikaa chini na gauni mapajani, akalia bila kujificha, majirani wapite wasipite. Alipopata sauti alisema jambo moja tu: shemeji yake asipoambiwa kufikia Jumamosi jioni, atamwambia yeye Getruda. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Msomaji asimwone Lidwina mjinga. Uvimbe wa titi la kushoto aliugundua mwenyewe, akaenda hospitali ya Peramiho mwenyewe, akasikia majibu akiwa ameketi wima. Kilichomshinda kilianza alipowaambia watu. Kila aliyekuja alisema utapona, amini tu, na kila aliyesema utapona alikuwa tayari amesimama, mkono uko mlangoni. Hata mumewe Osmund, mwanamume mwema ambaye mashine yake ya kusaga mahindi inanguruma kutwa, alianza kurudi nyumbani akiwa amechoka kupita kiasi, akila, akilala. Nyumba ikajaa watu waliokuwa na hakika, na Lidwina peke yake ndiye alikuwa na hofu. Basi akawatungia uongo ili wapumzike. Wakapumzika kweli, na jambo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa.

Daktari ndiye aliyemwelekeza kwa Recho, binti wa Tabora aliyeajiriwa kama mshauri wa wagonjwa. Tiba yake ina jina gumu, tiba ya udhanaishi, na Lidwina alipolisikia alidhani ni ugonjwa wa pili. Recho alimfafanulia kwamba ni kukaa pamoja na kuyatazama yale ambayo kila binadamu anayakimbia: kwamba atakufa, kwamba kuna mahali anafika peke yake, na kwamba hata hapo bado ana la kuchagua.

Siku ya kwanza Lidwina alimuuliza, "Mwanangu, nitapona?"

"Sijui, mama," Recho alijibu. "Daktari anasema ukipasuliwa mapema nafasi ni nzuri. Lakini nikikuhakikishia nitakuwa nakudanganya."

Lidwina alikasirika, akaondoka kwa hasira yote ya mtu aliyelipa nauli. Kisha akarudi tena, kwa kuwa Recho alikuwa mtu wa kwanza ambaye hakuwa na haraka ya kutoka.

Ijumaa hiyo alikwenda kwake hospitalini bila miadi, akangoja kwenye benchi mpaka akaitwa.

"Shikamoo, mama Frida."

"Marahaba. Mdogo wangu ameiona sare."

"Sare gani?"

Akamweleza yote, mpaka zile kingo zilizopindwa. Recho hakushtuka wala hakuandika. Aliuliza tu, "Kwa hiyo umeamua kutopasuliwa?"

"Sijaamua. Nimeacha tu, siku ipite."

"Kuacha ipite nako ni kuamua, mama. Tofauti yake ni kwamba unaamua huku umefumba macho."

"Unanisema?" Lidwina aliwaka. "Wewe mtoto, hujazaa, hujazika, unanisema mimi?"

"Ndiyo, nakusema. Na sitakuchukia ukiamua kutokwenda. Ila nataka aamue Lidwina mwenyewe. Hofu isimwamulie." Recho alisogeza kiti. "Kwa nini uliacha mgongo wazi? Waliobaki wangeweza kuupasua."

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo sakafuni. Lidwina alijua jibu, na alijua pia kwamba akilitoa halitarudi ndani.

"Ni ule mkasi," alisema mwisho. "Nilipomvisha mama Majaliwa, sare ile nilimshonea mimi. Alikuja mara tatu kuipima, akicheka eti nimembana tumbo. Siku ile nikaishika, nikaipasua. Ukipasua kitenge kinalia, mwanangu. Nikamtazama usoni. Yeye amelala tu, hawezi kusema msinikate. Kila mtu anamshika, anamgeuza, hawezi kusema neno." Mikono yake ilikuwa imekumbatia kifua. "Na hawa nao wanataka nilale, nisijue kitu, wanikate. Nikasema mimi hapana. Mkasi hautanigusa, si hapa wala kule."

Alilia hapo, kilio cha sauti, na Recho alimwacha alie. Hakumwambia nyamaza. Kilipopungua ndipo akasema, taratibu:

"Mama Majaliwa hakuweza kusema. Wewe hujalala bado."

Lidwina akainua uso.

"Unaweza kumuuliza daktari atakata wapi na kwa nini. Unaweza kusema nani awe mlangoni utakapoamka. Unaweza kusema hapana, na ukasema ndiyo. Hiyo yote ni yako leo. Umejishonea nguo ya mtu asiyeweza kusema, na wewe unasema mpaka unanigombeza."

Lidwina alifuta machozi, akasimama. Hakuahidi chochote. Alipofika mlangoni Recho alimuuliza swali moja zaidi, kama ile sare angeivaa akiwa hai, angeivaa kwenda wapi. Swali hilo lilimganda Lidwina njia nzima mpaka Songea.

Jumamosi aliiacha cherehani imefunikwa. Alikwenda mashineni Mjimwema, akasimama kwenye vumbi la unga mpaka Osmund akamwona na kuzima mota. Wateja waliguna. Lidwina akamwambia mbele ya magunia: uvimbe ni wa kupasuliwa, siku ni kesho kutwa, na alimdanganya.

Osmund alifuta nyusi zilizojaa unga. Lidwina alisubiri apigiwe kelele au aachwe pale.

"Nilijua," Osmund alisema. "Sikujua ni lini, ila nilijua. Nilikula yule kuku huku najua. Niliogopa kukuuliza, mke wangu, nikabaki na mashine."

"Mimi naogopa sana, baba Frida."

"Hata mimi."

Ndivyo walivyosema, katikati ya wateja wenye madebe yao, na hakuna aliyesema utapona. Lidwina alisikia kitu kikilegea kifuani, si uvimbe, uvimbe ulikuwepo palepale. Alikuwa tu hayuko peke yake nao.

Jumapili asubuhi Getruda alikuja amevaa sare yake, uso umekunjwa, tayari kwa ugomvi. Alimkuta dada yake kwenye cherehani na lile gauni limepinduliwa nje ndani, mgongo chini ya sindano, anautia zipu. Mlangoni kulikuwa na begi, kanga mbili zimechungulia.

"Begi la nani?"

"Langu. Kesho alfajiri naondoka na shemeji yako. Nimempigia daktari, ana maswali yangu saba ya kujibu kabla sijalala kitandani pake."

Getruda alishika mlango. Machozi yalianza, akayafuta kwa mkono wa sare. Kisha, kwa kuwa Getruda ni Getruda, akainama kuikagua kazi.

"Dada, mshono umepinda."

"Mikono inatetemeka. Uache hivyo hivyo."

Lidwina alikata uzi, akaligeuza gauni, akalivaa kwa kupitia kichwani. Lilikuwa limembana kidogo kwapani. Akamgeuzia mdogo wake mgongo, amfunge zipu.

Getruda aliipandisha pole pole mpaka shingoni, na pale juu vidole vikasita. Aliuliza kwa sauti ndogo ambayo Lidwina hakuwahi kuisikia kwake. "Na Jumatatu ikienda vibaya, dada? Umeshaifunga."

"Mtaipasua," Lidwina alisema. "Mkasi uko pale ukutani. Twende, tutachelewa misa."