Mende wa kwenye kitako cha bunduki

Jamani, leo nimemeza mende. Mzima. Mbele ya watu!

Niko Ntimaru kwa shangazi Boke. Anataka kumpelekea chifu bunduki kuukuu ya marehemu mume wake, ile unayoikoki kwa kuvuta chuma cha chini. Akaniita nihakikishe haina risasi, maana mimi ndiye nimezunguka dunia.

Zile ninazozijua huingizwa risasi ubavuni, kwenye kidirisha. Hii haikuwa nacho.

Nikatangaza, "Shangazi, ni tupu. Haina hata mahali pa kuweka risasi!"

"Sasa marehemu mume wangu alikuwa anapiga fisi na nini? Mate?"

Majirani na wajukuu wake walicheka, wacha tu. Nikaigeuza kwa hasira, nikaona kifuniko cha chuma nyuma ya kitako. Nikakizungusha huku nachungulia, mdomo wazi.

Mende wakanimwagikia usoni. Mmoja akapitiliza. Aii! Nilitapika mpaka chai ya asubuhi.

Halafu risasi nne zikateleza kutoka humo kitakoni, zikaniangukia miguuni.

Wale wajukuu huipanda hiyo bunduki kama farasi kila siku.

Shangazi akawavuta wote kifuani, akaniangalia.

"Na hii ndiyo ulisema ni tupu?"

Nyinyi mngemjibu nini?