Bibi Harusi wa Majani ya Mgomba

Jani kavu la mgomba likinyeshewa kidogo halafu likapigwa na jua, linatoa harufu kama ya chai iliyosahaulika kikombeni. Asiyeijua ataniona mwongo. Juzi ilinipanda puani nikiwa nimekaa uani kwangu, hapa Kidahwe, nikacheka peke yangu.

Mkwe wangu alidhani namcheka yeye, na hakukosea sana. Mjukuu wangu Rehema aliambiwa na mwalimu wake wa chekechea alete majani yaliyoanguka, watengeneze ndege na samaki. Basi mama yake akapanda gari mpaka Kigoma mjini, akarudi na majani ya plastiki. Plastiki! Na sisi hapa migomba inamwaga majani mpaka tunayakanyaga.

"Mama, yale ya chini yana vijidudu," akaniambia.

"Na haya yako yameanguka kutoka mti gani?"

Akavuta mdomo, akaingia ndani. Watu wa siku hizi ukiwauliza swali la kawaida wanaona umewatukana. Nikamkalisha Rehema mkekani, nikaokota majani yangu yenye vijidudu, tukaanza, si ndege wala samaki, bali mwanasesere. Kidole changu kilipofika kwenye kifundo cha kiuno, nikamkumbuka Mama Mkubwa.

Huyo alikuwa mke wa kaka yake baba, na walikuwa na nyumba Ujiji. Huku kwetu shule ilikuwa mbali, baba akanipeleka kwao nikasome. Jamani, mwanamke yule! Mtu wa mjini kabisa kabisa, kazaliwa Ujiji, kakulia Ujiji, Kiha chetu hajui hata neno la kuombea maji. Ndivyo alivyojitangaza kwa kila aliyepita. Akisema Kiswahili anachongoa midomo utadhani anapuliza moto. Ndizi za kupika alizishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Ndugu zetu wakija na mizigo kichwani, aliwapokelea mlangoni, maji wakayanywa wamesimama. Sisi wote jina letu lilikuwa moja: wa migombani.

Wasichana wa mtaa ule walikuwa na mchezo wa harusi. Mwenye mwanasesere wa bibi harusi ndiye anakaa mkekani, anapepewa, anaitwa mama. Wengine tunapiga vigelegele na kujifanya tunapika. Zaituni, binti wa Mama Mkubwa, alikuwa na mwanasesere wa plastiki, jicho moja limezama ndani ya kichwa. Kwa chongo wake yule mmoja alitutawala wote. Mimi nilipikishwa pilau la mchanga mpaka nikachoka.

Asubuhi moja nikaingia nyuma ya nyumba ya jirani, kwenye migomba, nikaokota majani yaliyoanguka yakiwa bado na umande, maana yakikauka sana yanapasuka. Nikaviringa kichwa, nikakunja mwili, nikasuka mikono, nikamfunga kiuno kwa kamba ya mgomba, nikamwacha na sketi pana inayochakarisha akisogea. Bibi harusi mwenye macho yote, maana hakuwa na hata moja la kuzama! Wasichana wakamwacha Zaituni na chongo wake wakahamia kwangu. Nikakaa mkekani. Nikapepewa.

Siku hiyo Mama Mkubwa alikuwa na wageni, wanawake wenzake wa kisomo. Mmoja akapita uani akasimama.

"Mashallah, kazuri! Ufundi wa Buha huu, wa kwa Waha. Mtoto wenu huyu?"

"Huyo?" Mama Mkubwa alichekea puani. "Ni kitoto cha kazi tu, Bi Salama. Tumekiokota huko migombani."

Mimi, mtoto wa shemeji yake! Baba Mkubwa alikuwa kibarazani na alisikia. Akakohoa, basi. Wanaume wengine wameumbwa kwa ajili ya kukohoa.

Wageni walipoondoka Mama Mkubwa alinijia jikoni, akaninyang'anya bibi harusi wangu. Kifundo cha kiuno kilikuwa kimelegea kwa kuchezewa. Akakitazama. Akailamba kamba, akaizungusha, akapitisha ncha kwa chini, akaivuta kwa meno. Kikabana. Nikafurahi, nikajua amenionea huruma. Halafu akamtupa kwenye jiko.

"Ukitengeneza tena uchafu huu nyumbani kwangu, shule basi. Utarudi kwenu."

Nilielewa vizuri sana. Shule niliipenda, nilikuwa nimeanza kusoma bila kufuatisha kwa kidole. Lakini kuitwa kitoto cha kuokotwa, hapana. Kesho yake nikatengeneza mwingine, mkubwa kumshinda wa kwanza, nikamkalisha kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, panapopita watu wa msikitini. Kabla ya jua kutua nilikuwa njiani kurudi Kidahwe, furushi langu la nguo kichwani, Baba Mkubwa mbele yangu akikohoa. Darasani sikurudi tena.

Miaka yote nilidhani mwanamke yule alichukia uchafu. Mtoto ataelewa nini zaidi ya hapo? Mpaka nikawa na mabinti zangu, nikawa nawafundisha. Jirani yetu mmoja, mzaliwa wa Ujiji kweli, si wa kujitangaza, akaomba naye ajaribu. Alihangaika na kile kifundo cha kiuno mpaka jasho likamtoka, na kamba ikamfungukia mkononi. Hakikamatiki ukubwani kile. Lazima vidole vikianze vikiwa vidogo, chini ya migomba, umekaa karibu na mama yako.

Nikaikumbuka siku ile jikoni, kamba ikivutwa kwa meno. Mama Mkubwa hakuuliza mtu, na wala hakukosea. Mwanamke yule alikuwa wa migombani, wa migombani kama mimi, na alinifukuza shule kwa kumwekea siri yake mlangoni.

Ningeweza kumsamehe kuonea haya alikotoka. Kunikana mimi mbele ya watu ili yeye apewe kiti, hilo nimeshindwa, na sijitahidi.

Alipofariki nilikwenda Ujiji msibani. Mzee mmoja akasimama kumsifu, akasema mtaa umempoteza mwenyeji wake hasa, mtu asiyeijua harufu ya shamba. Watu wakatikisa vichwa kwa majonzi. Nikajifunika khanga mpaka machoni, mabega yakinitikisika, na mwanamke wa pembeni yangu akanishika mkono kwa upole.

"Pole dada," akaninong'oneza. "Naona mlipendana sana."