Siku Nilipomnyoa Beberu wa Mahari

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na Mjomba Barasa, kwa sababu yeye akisimulia huongeza chumvi na hii habari haihitaji hata chembe: ni kweli, mimi Nekesa, mtu mzima na akili zangu, mwimbaji wa kwaya safu ya mbele, nilimnyoa mbuzi wa mahari ya ndugu yangu tukiwa njiani kumpeleka kwa wakwe. Haya. Nimesema. Sasa chekeni mmalize, ndio niwaambie ilivyokuwa.

Mnajua kazi yangu ni kufunga flai. (Asiyejua: flai ni ndoano unayoivisha nywele na manyoya mpaka ifanane na kisamaki kidogo, ili samaki mkubwa adanganyike aimeze.) Zangu ni za maji ya chumvi, za jodari, yule wa mikebe, ndiyo, huyo huyo, na za kolekole, na za wale samaki wengine wakali ambao wageni hulipa pesa nyingi wakapigane nao kwa mchana mzima halafu wawarudishe majini, mimi hata sielewi. Nakaa hapa Kitengela kwa meza yangu, upepo unapiga mabati, nimebana ndoano kwenye vaisi, kile kibano cha chuma cha mezani, nafunga nywele nyeupe, naweka nyuzi za kung'aa, nabandika macho ya plastiki, napaka gundi, naanza ingine. Bahari yenyewe sijawahi kuiona. Na samaki sijawahi kuvua hata mmoja, wote nimekutana nao sokoni wameshakaangwa.

Shida ya hii kazi ni kwamba inakuharibu macho. Jirani akipita na mbwa wake mimi naona mkia tu. Kuna Jumapili mama mchungaji alikuja na kofia ya manyoya ya kijivu, haki ya nani sikusikia mahubiri hata neno moja.

Sasa, Wafula. Wafula ni ndugu yangu mdogo, nimemlea tangu wazazi watuache, nikamsomesha kwa hizi hizi flai mpaka akawa mwalimu, na hajawahi kunipa presha hata siku moja. Akapenda msichana anaitwa Naserian, nesi, kwao ni mbele ya Kajiado mjini, unaacha lami unaingia ndani. Mazungumzo yalikuwa yameenda vizuri, ng'ombe walishafika, ilibaki kitu kimoja tu. Baba yake Naserian alisema anataka beberu mmoja mweupe asiye na doa wala kilema, mzima kutoka pembe mpaka mkia, na siku huyo beberu akipokelewa ndio siku ya arusi itatajwa. Wafula alitembea soko za mifugo wiki tatu akimtafuta. Akampata, jamani, mbuzi mweupe kama shuka ya hospitali, ndevu zinafika kifuani, na mapajani nywele ndefu zinaning'inia.

Na wiki hiyo hiyo Mama Shiko, msimamizi wetu wa kazi ya flai, akanipigia simu. Kuna oda ya flai za jodari, sitini, nyeupe tupu na ndefu, na nywele tunazoletewa kutoka nje zimekwama bandarini. "Nekesa," akaniambia, "Jumatatu nazitaka. Jipange." Hilo neno jipange ndilo lililoniponza.

Jumamosi tukatoka na Probox ya kuazima. Wafula anaendesha, Mjomba Barasa, msemaji wetu, amekaa mbele na kofia yake na fimbo, mimi nyuma, na beberu kwenye buti akinipumulia shingoni. Tukapita Isinya, na mbele kidogo gurudumu likapasuka. Wanaume wakashuka, wakalitoa, wakaliviringisha kurudi kwa fundi wa pancha tuliyempita, wakaniambia, "Dada, chunga mbuzi." (Ebu fikirieni. Mimi. Nichunge mbuzi.)

Nikamwangalia. Akaniangalia. Zile ndevu zikapepea kidogo na upepo, nikaziona kabisa zikiwa ndani ya maji, zikicheza kama omena anayekimbia. Kwa mkoba wangu sikosi makasi, hata kanisani naenda nayo. Nikajiambia nichukue kidogo tu, ncha, nani atajua? Nikakata ncha. Zikawa zimepinda upande. Nikasawazisha, zikapinda upande ule mwingine, nikasawazisha tena, na mwenye amewahi kujinyoa nywele za mbele akiwa na hasira anajua hii barabara inaishia wapi. Mara kidevu kikawa kitupu kama cha mtoto. Na kwa sababu nilikuwa nimeshaharibu (hapa ndipo shetani hukaa, kwa hilo "nimeshaharibu"), nikaona afadhali basi nimalize oda, nikaingia paja la kulia. Nikamaliza. Akakaa vibaya, upande mmoja amevaa na upande mwingine yuko uchi, kwa hivyo ikabidi na la kushoto.

Nilipowaona wanarudi na gurudumu, roho ikanitoka. Nikavua leso yangu nikamfunga mbuzi kuanzia shingo mpaka mkia.

"Mbona umemvisha mbuzi leso?" Mjomba akauliza.

"Anasikia baridi."

Mjomba akaangalia jua la Kajiado, akaniangalia mimi, akaingia kwa gari.

Kufika, boma limejaa, salamu za Kimaasai kila upande. "Sopa!" "Ipa!" Wafula akainamisha kichwa kwa nyanya yake Naserian, wanamwita Koko, akamsalimu, "Takwenya," Koko akaitikia "Iko" na kumshika kichwa kwa upendo, nami moyoni nasema Mungu nichukue sasa hivi kabla buti haijafunguliwa. Ikafunguliwa. Beberu akashuka na leso yake ya maua mekundu, na boma lote likamgeukia.

Baba yake Naserian, mzee mrefu, mtu wa maneno machache, akamzunguka mbuzi mara moja. "Kwenu mbuzi huvaa nguo?"

Na hapa mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Ndiyo, mzee. Kwetu mbuzi wa mahari hufunikwa kama bibi arusi."

Mjomba Barasa alinigeukia polepole. Yeye ndiye mzee wa ukoo, anajua mila zetu zote, na hiyo hajawahi kuisikia tangu azaliwe. Lakini utafanya nini mbele ya wakwe? Akakohoa. "Tangu enzi za mababu," akasema, na sauti yake ikafa hapo hapo.

"Ni heshima," mzee akasema, akatingisha kichwa kwa kuridhika. "Na nani humfunua?"

"Mwanamke mkubwa wa boma," nikasema. (Aki huu mdomo.)

Basi Koko akainuka, wanawake wakaanza wimbo kabisa, akaenda akafungua fundo, akavuta leso.

Wimbo ulikatika katikati. Beberu alisimama pale kidevu wazi, mapaja wazi, mabaka kila mahali kama shamba la mahindi lililoingiliwa na ng'ombe, halafu akalia "mee" kama anayenishtaki.

"Amenyolewa," mzee akasema taratibu. "Kwetu kunyoa ni msiba. Nani amekufa kwenu?"

Mjomba akasema hakuna aliyekufa. Koko akapitisha kidole pajani. "Hii ni makasi," akasema. Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo nikilala nalisikia: "Na nywele ziko wapi?"

Wafula akanigeukia. Ananijua, huyo kijana. Nikaona uso wake ukibadilika kidogo kidogo, kutoka kutojua mpaka kujua. "Dada," akasema kwa sauti ndogo. "Sema tu."

Nikafungua mkoba nikamwaga vitu kwenye kigoda, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kuna mambo mtu huyaona ya kawaida kwa miaka mingi mpaka siku ayaone kwa macho ya wengine. Nywele za mbuzi nimezifunga mafungu mafungu kwa uzi mwekundu. Manyoya ya jogoo. Ndoano kubwa. Chupa ndogo ya kitu kinachonata. Na macho, jamani, pakiti nzima ya macho, yametukodolea. Akina mama wakavuta watoto wao nyuma. Mzee mmoja akanong'ona neno kwa Kimaasai, sikulijua, lakini sikuhitaji kutafsiriwa.

"Mimi si mchawi!" nikapiga kelele, na huwa naambiwa hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mchawi husema.

Aliyeniokoa ni Naserian. Alisimama akamwambia baba yake maneno mengi kwa Kimaasai, halafu akanigeukia. "Dada Nekesa, waonyeshe. Funga moja waone."

Nikafunga vaisi yangu ndogo kwenye ukingo wa kigoda. Ndoano ilipokaa na uzi ulipoanza kuzunguka, mikono ikashika kazi yenyewe, kwa sababu hii ndiyo kitu pekee najua kufanya vizuri duniani. Nywele juu, nywele chini, nyuzi za kung'aa, macho mawili. Watu wakaanza kusogea mmoja mmoja. Nikaifunga kwa uzi wa nailoni, nikaitumbukiza kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, nikavuta kidogo, nikaacha, nikavuta. Na ikaogelea. Watoto wakapiga mayowe. Hata mimi nilikuwa sijawahi kuiona flai yangu ikiwa ndani ya maji, na ilikuwa hai, ilikuwa kisamaki kabisa.

"Na huyo anayedanganywa," mzee akauliza, "ni mkubwa kiasi gani?"

"Wengine kama ndama, mzee."

"Na watu wanamla?" Uso wake ulionyesha wazi kwamba kwao hicho si chakula. Lakini alikuwa ameinama, ameshikwa na ile kitu, na mimi kwa furaha ya kuona ananisikiliza nikataka kumwonyesha vile mvuvi huvuta kwa nguvu samaki anapouma. Nikavuta kwa nguvu.

Flai iliruka kutoka majini, ikamnasa mzee kwenye shuka, hapa kifuani. Akashtuka akarudi nyuma, uzi ukakaza, mimi nikavuta bila kufikiria, naye akaja hatua mbili mbele. Hivyo ndivyo nilivyovua samaki wangu wa kwanza maishani, na alikuwa baba mkwe.

"Toa," akasema.

Haitoki. Ndoano ya jodari ina jino lake ndani, ukivuta inazidi kuingia na kupasua. Nikasema ngoja nikate kitambaa kidogo tu, nikatoa makasi.

"MAKASI HAPANA!" Boma lote kwa pamoja, wetu na wao. Koko akaanza kucheka mpaka akakaa chini, akashika mbavu, machozi yakamtoka, na akina mama wakamfuata. Mzee hakucheka. Akanyang'anya uzi mkononi mwangu, akaukata kwa sime yake, akakaa kwenye kiti na flai ya jodari inamng'aria kifuani kama nishani, akatoa uamuzi.

"Kijana nimemkubali. Nyinyi nimewakubali, hata huyu," akaninyooshea fimbo. "Lakini nilisema mzima kutoka pembe mpaka mkia. Huyu mbuzi simkatai, na simpokei. Mrudi naye. Siku ndevu zitafika hapa," akajipima kifuani, "mje, tutaje siku. Arusi itamngoja mbuzi."

Tungebisha na uso upi? Naserian aliingia nyumbani bila kutuaga, na Wafula akabaki anautazama ule mlango.

Tulipokaribia Kitengela, Wafula akasema akiwa anaangalia barabara, "Dada, umenilea, umenisomesha. Sijawahi kukukasirikia maisha yangu yote. Leo nimekukasirikia." Nililia mpaka nikashindwa kushuka kwa gari. Heri angenitukana.

Na zile nywele? Nilifunga flai zote sitini, Jumatatu nikampelekea Mama Shiko, akachukua moja, akaivuta kwa vidole, akanirudishia sanduku. Nywele ngumu sana, akasema, za jodari hazifai. Sijamwambia Wafula.

Ni mwezi wa tatu sasa tangu siku hiyo. Beberu anakaa kwangu, nyuma ya ploti, na mwenye ploti ameshanipa onyo mara mbili. Kila Jumapili baada ya kanisa Wafula anakuja na rula ya shule, anapima, anampigia Naserian simu anamwambia ni sentimita ngapi, halafu anakunywa chai yangu, na wiki iliyopita hata alitabasamu kidogo. Mimi nimeapa mbele ya Mungu sitakata tena unywele wa kiumbe kilicho hai, hata wangu mwenyewe, ndio maana mnaniona na hiki kichwa. Kwa hivyo ukipita ukanikuta nimepiga magoti nampaka mbuzi mafuta ya nazi, tafadhali usinicheke, nisalimie upite. Arusi ya watu iko kwa hicho kidevu.