Kuponi za Gazeti la Bibi Philomena

Bibi Philomena Dudek alilala kwenye sakafu ya bafu lake, nyonga imevunjika, na mimi nilipita mbele ya mlango wake kila asubuhi nikijisemea: huyu mzima.

Sikuwa nimelewa. Sikuwa na haraka. Niliangalia baraza lake kama nilivyomwahidi.

Baraza lilikuwa safi. Usafi huo ndio uliotuponza.

Mimi nagawa magazeti. Ni mji mdogo huku Ohio, Marekani, kiwanda cha matairi kilishafungwa, waliobaki wengi ni wazee. Nimekaa huku mpaka nimeota mvi. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo msinitegemee kwa maneno matamu. Nawaeleza ilivyokuwa.

Mke wangu anaitwa Corinne, mzaliwa wa hapahapa. Baba yake alikuwa wa kwanza kupunguzwa kiwandani. Mama yake akawalea watoto watano kwa mkasi na kuponi, vile vikaratasi vya gazetini vinavyopunguza bei dukani. Ndiyo maana kwa Corinne kulipa bei kamili ni aibu, kama kukutwa sokoni bila kiatu.

Msimcheke. Yule mwanamke ana akili ya jenerali.

Jumapili anatoa karatasi za kuponi kwenye gazeti, anakata. Jumatatu anapanga. Jumanne ndiyo siku ambayo lile duka kubwa la barabara kuu huhesabu thamani ya kila kuponi mara mbili, basi tunatoka. Kwanza duka la dawa, kisha duka kubwa, mwisho duka la bei chee lililo karibu na kituo cha mafuta. Tunazunguka mara moja tu, haturudi nyuma. Na lazima tule kwanza, kwa sababu anasema mwenye njaa hununua kwa tumbo.

Shida yake ilikuwa moja. Kuponi moja, bidhaa moja. Ukitaka dawa za meno nne, uwe na magazeti manne.

Na sisi tuna moja.

"Sefu, niletee moja la ziada Jumapili. Moja tu."

"Magazeti yanahesabiwa."

"Yanahesabiwa na nani, malaika?"

"Na bosi. Na kila moja lina mwenyewe."

"Haya, Mtakatifu Sefu. Siku moja utasugua meno kwa mkaa."

Tulicheka. Lakini sikumletea. Cha mtu ni cha mtu, ndivyo nilivyolelewa.

Sasa huyu Bibi Philomena. Mjane, nyumba ya nne kutoka kwetu, yeye na paka wake. Vidole vimepinda kwa baridi yabisi, mfuko wa plastiki tunaotilia magazeti hawezi kuufungua. Kwa hiyo gazeti lake nililiviringisha na kulifunga kwa rababendi pana nyekundu, iliyolegea. Mtaa mzima, yeye peke yake ndiye aliyefungiwa hivyo.

Siku moja aliniita barazani.

"Wewe mwanangu, njoo. Mwanangu wa kunizaa yuko Cleveland, simu yake hulia mpaka inachoka. Wewe unapita hapa kila siku."

"Kila siku, Bibi."

"Ukikuta gazeti la jana bado liko hapa chini, usitupe la leo. Gonga. Nisipojibu, ufunguo uko chini ya chungu cha maua. Ingia."

"Na nikikukuta uko bafuni?"

"Basi utakuwa umeona maajabu ya dunia, na utanyamaza!"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika mkono kwa vile vidole vyake.

"Niahidi."

Nikaahidi.

Tangu siku ile, gazeti halikuwa gazeti tena. Lilikuwa mapigo ya moyo wake. Likiokotwa, yu hai.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili nikapita. Baraza safi. Gazeti la Jumapili limeokotwa. Nikaweka jipya.

Niliona taa ya jikoni inawaka. Si kawaida yake, bibi yule alikuwa akizima taa hata mgeni akiwa bado anakula.

Nikasema labda amewahi kuamka.

Jumanne, baraza safi. Taa inawaka. Paka yuko dirishani, ananitazama, anafungua mdomo. Sauti haipiti kwenye kioo. Anafungua tu mdomo.

Sitaki kuwadanganya. Niliinua hata mguu kupanda ngazi.

Kisha nikatazama chini. Gazeti la jana halipo. Si amelichukua? Marehemu haokoti gazeti.

Nikamwambia paka, "Subiri chai yako kwa mama," nikaondoka.

Jioni ile tukatoka na Corinne kununua. Sikumbuki siku nyingine aliyofurahi vile. Mwanamke wa kaunta alikuwa akipitisha kuponi, bei inashuka, inashuka, mpaka watu wa foleni wakaanza kunong'ona.

"Umeona?" Corinne aliniambia kwenye gari. "Bila hata msaada wa Mtakatifu Sefu."

Sikuuliza. Nilikuwa nimechoka.

Jumatano, baraza safi. Taa inawaka. Paka hayupo dirishani.

Nikaweka gazeti. Nikaondoka.

Nilirudi nyumbani, nikalala, nikaamka mchana. Corinne alikuwa ametandaza vitu mezani, anavipanga kabla ya kuvishusha chumba cha chini. Pembeni kulikuwa na mafungu ya kuponi zilizobaki, yamefungwa vizuri.

Yamefungwa kwa rababendi pana. Nyekundu.

Nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Corinne. Hizi umetoa wapi?"

"Zipi?"

"Nakuuliza umetoa wapi!"

"Wee, usinifokee. Ni za yule bibi wa nyumba ya nne. Jumapili nimetoka kanisani, nikaona gazeti lake bado liko barazani, na saa sita imeshapita. Kesho yake tena lipo. Si amekwenda kwa mwanawe Cleveland? Kuponi zingeoza pale."

"Na gazeti la Jumatatu? Na la jana? Kuponi zipo Jumapili tu!"

"Nimeokota yote. Magazeti yakirundikana mlangoni, wezi wanajua mwenye nyumba hayupo. Nimemsitiri mwenzangu, kosa liko wapi?"

Nikazitazama tena zile rababendi nne.

Alikuwa akipita baada yangu. Naweka, anaokota. Kila siku mke wangu alilifuta lile neno moja ambalo bibi alikuwa ananiambia.

Nilikimbia na soksi kwenye theluji.

Chungu cha maua kilikuwa kimegandia chini. Nikakipiga teke, kikavunjika. Ufunguo. Mlango. Harufu ikanikaribisha.

"Bibi!"

Paka alitoka bafuni akaja kusimama mguuni kwangu.

Alikuwa chini, kati ya beseni na ukuta. Karibu na mkono wake kulikuwa na bakuli la maji la paka. Kavu. Walikunywa wote wawili mpaka maji yakaisha.

Nikapiga magoti. Nilijua nimechelewa, lakini macho yake yakafunguka.

Alikuwa hai.

"Mwanangu," alisema. Sauti kama karatasi. "Nilikusikia ukipita. Kila siku nilikusikia."

"Nimekuja, Bibi. Usiongee."

"Hukuyaona magazeti?"

Mungu wangu.

"Sikuyaona, Bibi."

Ilikuwa kweli tupu. Akanitazama kama mtu anavyomtazama muongo ambaye hana tena nguvu za kugombana naye. Kisha akageuza uso ukutani.

Gari la wagonjwa lilipofika, Corinne alikuwa amesimama barabarani bila koti. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikuwa ameshaelewa.

Hospitali, daktari alinieleza nje ya chumba. Nyonga ingeungwa, alisema, tatizo ni figo, zimekaa kavu mno. "Angeletwa Jumatatu, leo tungekuwa tunaongea habari za fimbo ya kutembelea."

Nilirudi kesho yake kumweleza ukweli wote, hata kama ungemchoma mke wangu. Nikakuta kitanda kimetandikwa.

Huwa naulizwa kama nilimfukuza Corinne. Sikumfukuza. Yeye aliona kuponi. Mimi niliona taa, nikaona paka, na bado nikaamini sakafu tupu. Mkasi wake hajaushika tena. Tunanunua kwa bei kamili, kimyakimya.

Ndugu msomaji, ukikuta kitu cha jirani kimelala mlangoni kwake, usianze kuuliza kitakufaa nini. Uliza kwa nini hajakiokota. Gonga.

Gazeti lile la Jumapili lilitupunguzia dola sita na senti arobaini. Tulipata dawa ya meno ya pili, sabuni ya vyombo moja na kopo la kahawa. Kahawa haijafunguliwa.

Tulilipa Jumatatu nzima, Jumanne nzima, na Jumatano mpaka mchana. Bakuli moja la maji. Bibi mmoja, aliyekufa akiamini nilimwona nikapita.