Jogoo wa Mtani

Asubuhi ya kumzika mdogo wangu Masolwa, Zamda alikuja hapa Ntalikwa kwa bodaboda, akapita katikati ya waombolezaji moja kwa moja mpaka uani, akanikuta napeta mchele.

"Shikamoo, dada Veneranda."

"Marahaba."

"Mume wangu yuko kule kwenye mashine ya kusaga. Anauliza, aje au asije."

Nikaweka ungo chini. Jamani, hilo ndilo swali la kuniuliza mimi? Mjomba Leodgar yupo, katekista yupo, Recheli mjane yuko ndani amelala kwenye mkeka, wote wana midomo. Lakini tangu wazazi wetu walipofariki mimi ndiye mkubwa, na nitakachosema ndicho kitakachofuatwa. Nikisema asije, ndugu yangu atazikwa mtani wake akiwa barabarani, na kwetu hiyo ni aibu, msiba unabaki wazi kama nyumba isiyo na mlango. Nikisema aje, namkaribisha kaburini mtu aliyekuwa anacheka wakati Masolwa anakata roho.

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Kichwa changu hakijatulia."

Na ni kweli, hakikuwa kimetulia. Hata leo ninapokuambia haya sijui kama kimetulia.

Acha nikueleze huyo mume wake, Adinani, ni nani, maana ukimsikia hivi utasema ni mtu mbaya, na mimi sijui kama ni mtu mbaya. Ni Mzaramo wa Kisarawe. Alikuwa kijana anakwenda Kigoma kumfuata mjomba wake, treni ikaharibika Tabora, akatafuta pa kulala Kanyenye, na mpaka leo hajaondoka. Akamwona Zamda anachota maji bombani, safari ya Kigoma ikaishia hapo. Ni fundi bati. Anakata mapipa, anagonga majiko, ndoo na makarai, na kelele zake zimewachosha majirani mpaka wamezizoea. Ni mtu wa kitambi, na mdomo wake hauna likizo.

Utani wetu sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni wa zamani, wa enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanabeba pembe na mizigo kutoka huku mpaka pwani kwa miguu. Walipita kwao, wakagombana, wakapatana, waliougua waliuguzwa huko na waliokufa walizikwa huko. Ndiyo maana Mzaramo anaweza kuingia jikoni kwangu, akafunua sufuria, akanitukana, na mimi siruhusiwi kununa. Ukinuna unatozwa faini, na watu wanakucheka juu yake.

Basi kwenye misiba ya Wanyamwezi, kuanzia huku Ntalikwa mpaka Kigwa, Adinani alikuwa anaitwa kama anavyoitwa padri. Kabla jeneza halijashushwa, yeye anatangulia kaburini, analala chali, anafumba macho. "Sitoki! Huyu mpagazi alikuwa na deni langu. Nileteeni jogoo!" Watu waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka, kamasi na machozi pamoja. Jogoo analetwa, Adinani anatoka, marehemu anazikwa. Siku ya kumzika mama yetu alivaa gauni lake marehemu, akatembea kama yeye, akanisema kwa sauti yake kwamba ugali wangu una madonge. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Namshukuru kwa siku ile, na sitaacha kumshukuru.

Yeye na Masolwa sasa, hao walikuwa chanda na pete. "Mnyamwezi akiona mzigo, kichwa kinamuwasha," Adinani anasema. "Mzaramo akisikia ngoma, anaacha jembe shambani," Masolwa anajibu. Kutwa nzima! Ukikaa nao unaumwa kichwa.

Huko mlimani alikofia Masolwa walikwenda kwa sababu ya chuma. Watu wakisikia mgodi wanafikiri dhahabu, wananiuliza kwa macho ya tamaa, "Alipata ngapi?" Hakuna dhahabu! Nyuma ya Kigwa, mbali kidogo, kuna mlima tunaouita Isalalo, na juu yake kuna mashimo ya mgodi wa zamani ulioachwa kabla mimi sijazaliwa. Waliochimba waliondoka wakaacha kila kitu chini: mabomba, reli nyembamba za vitoroli, mabati mazito. Chuma chakavu kimepanda bei mjini, na fundi bati asiye na chuma atagonga nini? Adinani ndiye aliyeleta habari. Masolwa tumbaku yake ilikuwa imenyeshewa ikaoza, akasema twende.

Mimi nilikataa. Nilisema kwa mdomo huu huu kwamba shimo lililoachwa na wenyewe lina sababu. Masolwa akaniambia, "Dada, wewe hata choo unaogopa." Akacheka, akaenda.

Kiangazi chote walishuka salama. Masolwa alikuwa mwembamba, ndiye aliyefungwa kamba kiunoni akashushwa. Adinani na Ngassa, jirani yetu, walibaki juu kuvuta. Masolwa akifika chini anafungua kamba ili aingie kwenye njia ya pembeni, anafunga bomba au kipande cha reli, wanavuta. Na kila siku, bila kukosa, sauti ilitoka shimoni: "Nakufa, Mzaramo! Nakufa, lete jogoo!" Adinani anainama mdomoni mwa shimo: "Kufa upesi, nikalale kaburini mwako nipumzike!" Ngassa anasema walikuwa wanacheka mpaka kamba inawaponyoka.

Kisha mvua zikanyesha. Zilipokatika wakarudi Isalalo, na hakuna aliyefikiri kwamba maji yaliyoingia mle yamebadilisha hewa. Ngassa ameniambia kwamba wachimbaji wa zamani walishuka na mshumaa mkononi, ukizimika wanapanda mbio, hawaulizi. Siku hizi kila mtu ana tochi ya kichwani. Hewa iwepo isiwepo, tochi inawaka tu.

Masolwa akashuka. Akafungua kamba. Baada ya muda sauti ikaja.

"Nakufa! Adinani, nakufa!"

"Kufa upesi, nikapumzike!" Adinani akajibu, kama siku zote.

"Nakufa, ndugu yangu!"

Adinani akacheka. Ngassa naye akacheka. Wakangoja jogoo atajwe. Hakutajwa. Hapo ndipo Adinani aliponyamaza, akamwambia Ngassa, "Mbona hadai?" Akainama shimoni akaita, "Masolwa! Nikupe jogoo? Nikupe wawili?" Kimya. Wakavuta kamba, ikaja tupu.

Na kile kitambi chake chote, Adinani alijifunga kamba akashuka. Ngassa anasema alimkataza, akatukanwa. Ngassa akaita wafuga ng'ombe waliokuwa bondeni, wakasaidiana kuvuta, na Adinani alipotoka alikuwa amemkumbatia Masolwa kifuani, midomo yake mwenyewe imekuwa ya kijivu. Alitapika, akazimia, akazinduka. Masolwa hakuzinduka.

Sasa niambie wewe. Mtu huyo nimchukie? Alicheka. Mtu huyo nimshukuru? Alishuka. Nikianza kumchukia namwona anaingia shimoni, nikianza kumshukuru namsikia anacheka. Usiku wa mkesha nilizunguka na hilo jambo kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, nikaona heri nipete mchele.

Mjomba Leodgar alimwona Zamda, akaja uani na fimbo yake.

"Asikanyage hapa," akasema. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Usaha ndio huo sasa, tunao ndani ya jeneza."

"Mjomba, na utani?"

"Utani umekufa juzi mlimani."

Nikajifunga khanga vizuri, nikaenda mwenyewe mpaka kwenye mashine ya kusaga. Adinani alikuwa amekaa juu ya gunia la pumba. Hakusimama. Sijawahi kumwona mtu yule amenyamaza, ilinitisha kuliko maiti.

"Ulisikia nini?" nikamuuliza. Sikumpa hata pole. "Ndugu yangu alipokuita, wewe ulisikia nini?"

"Nilimsikia Masolwa wa kila siku," akasema.

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kukaa naye pale kwenye pumba tulie. Sikufanya hata kimoja. Kila nilipojiweka mimi mdomoni mwa lile shimo na kusikiliza, sikujua kama mimi ningesikia kitu kingine. Nikasema, "Haya, njoo," nikageuka, na njia nzima nilijiuliza nimesema hivyo kwa nini.

Mjomba alinuna, lakini hakunizuia. Sala ilipokwisha, wanaume wakaandaa kamba za kushushia jeneza, na watu wote wakamgeukia Adinani. Akavua viatu. Akashuka kaburini taratibu, akalala chali, akafumba macho.

"Sitoki," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Huyu mpagazi ana deni langu. Leteni jogoo."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Kisha wawili, kisha watu wakaanza kuchangamka, maana ndivyo inavyokuwa, kicheko kikianza msibani hukishiki. "Mzaramo, utapata tetea!" mmoja akapaza sauti. Hata Recheli alifunua khanga usoni kuangalia. Nami nilikuwa nimemshika jogoo mwekundu wa Masolwa mwenyewe, yule aliyekuwa anaparua mboga zangu. Nikamshusha kwa miguu yake. Adinani akampokea, akamkumbatia kifuani kwa mikono miwili.

Tukangoja atoke.

Hakutoka. Watu wakazidi kucheka. "Anataka wawili!" "Mwongezeeni na ubwabwa!" Katekista akatabasamu, akafunga kitabu. Kaburi la Ntalikwa ni la kina, na kutoka kule juu ulikuwa unaona tumbo na jogoo tu. Mimi nilikuwa ukingoni kabisa, nikainama. Macho yake yalikuwa wazi sasa. Midomo ilikuwa inacheza.

"Nakufa, dada," akasema.

Nyuma yangu kicheko kikapasuka upya.

Nilingoja adai. Nisamehe Mungu, nilingoja. Aseme jogoo wa pili, aseme mbuzi, anitukane hata ugali wangu. Hakudai kitu. Mikono ililegea, jogoo akachomoka akampiga mabawa usoni, na yeye hata hakujikinga.

"Mvuteni!" nikapiga kelele. Watu wakacheka. "Ngassa! Nyie wajinga, nasema mvuteni! Hachezi huyu!"

Ngassa ndiye aliyesikia kwanza. Aliruka kaburini na kamba za jeneza, akampitisha kwapani, tukavuta. Na mimi nilivuta, mwanamke mzima na khanga imenidondoka. Mjomba Leodgar alitupa fimbo akashika kamba nyuma yangu, sikumwambia. Alipofika juu Adinani aling'ang'ania majani kwa vidole, akawa anavuta pumzi kwa shida, na kilio kilichomtoka sijawahi kukisikia kwa mwanamume. Hapo ndipo watu waliponyamaza, mmoja mmoja.

Nikakaa chini kwenye udongo, nikamwekea kichwa mapajani. Bado sikuwa najua kama namsamehe. Nikamfuta uso na khanga ya msiba.

"Nyamaza, mtani," nikamwambia. "Wewe tumekusikia."