Cheti Nilichojiandikia Mwenyewe

Nimeitwa tapeli mara moja tu maishani, mbele ya mama yangu mzazi, na aliyeanza kuniita hivyo ni kompyuta.

Kikundi cha akina mama wauza mchele na maharage pale Tunduma kilikuwa kimeniomba nikitengenezee tovuti, ili wateja wa ng'ambo ya mpaka wawe wanaagiza humo. Mama yangu alikuwa mwanachama. Yeye ndiye aliyewashawishi wenzake wanichukue. Siku ya kuizindua, katibu wao, mzee mstaafu tunayemwita Mwalimu, aliifungua kwenye kompyuta ya ofisi. Badala ya tovuti likatokea onyo lenye alama nyekundu. Akalisoma kwa sauti ya darasani: huenda kuna wezi wanaotaka kuiba taarifa zako. Kikao kizima kikanigeukia. Mwalimu akaandika kwenye daftari la mihtasari kwamba mtengenezaji anashukiwa utapeli. Mama akainamia kanga yake.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, silikatai. Kila tovuti inatakiwa iwe na cheti cha kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe, si ya mtu aliyejifanya. Mimi, kwa haraka zangu, nilikitengeneza mwenyewe na kukisaini mwenyewe. Sasa nani kati yetu amewahi kwenda kufungua akaunti benki na barua ya utambulisho aliyojiandikia? Utarudishwa mlangoni. Unaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, anakuulizauliza, anagonga muhuri. Kivinjari nacho, ile programu inayofungua tovuti, kina orodha ya watoa vyeti kinaowatambua, na asiyekuwemo hakimwamini hata awe mtu safi namna gani. Kilikuwa na haki ya kunikataa. Lakini kukataliwa si kuwa mwizi, na kwa hilo nilikuwa tayari kugombana na yeyote.

"Mniite tena kesho," nikasema.

"Mwanangu, tuyaache tu," mama mwenyekiti wa kikundi akanijibu. "Kuna watu Mbeya wanafanya kazi hizi."

"Kesho, mama mwenyekiti. Mkitaka kunifukuza, mnifukuze kesho."

Kesho yake saa mbili asubuhi nikaomba cheti kwa mtoaji anayetambulika. Kinatolewa bure, na kilitoka ndani ya dakika chache. Kwenye simu yangu tovuti ikafunguka bila neno. Saa nne nikaingia ofisini kifua mbele. Mwalimu akaifungua kwenye kompyuta yao. Nyekundu ileile.

Mtu akacheka nyuma yangu. Mama mwenyekiti akaanza kukusanya karatasi zake. "Sitoki hapa," nikasema, nikavuta kiti mpaka mbele ya kompyuta. Wao ule wekundu uliwatosha, mimi nikasoma. Maneno ya safari hii yalikuwa mengine: muda wa cheti hiki bado haujaanza. Nikatazama saa iliyo pembeni mwa skrini. Ilisema 4:15, na kwa kompyuta hiyo ni saa kumi na robo alfajiri.

"Mwalimu, samahani. Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa nne na robo."

"Na kwenye kompyuta umeandika ngapi?"

"Nne na robo. Ulitaka niandike ngapi?"

Kompyuta ile ilikuwa na betri mbovu. Kila ikizimwa inasahau saa, na kila asubuhi Mwalimu aliirekebisha kwa saa zetu za Kiswahili. Ile namna ya kujirekebisha yenyewe kutoka mtandaoni alikuwa ameizima kwa hasira. Simu yake iliwahi kudaka mnara wa Zambia, ng'ambo tu ya mpaka, ikarudi nyuma saa nzima, akachelewa mazishi. Tangu siku hiyo haamini saa inayojipanga, na hakuna mtu wa Tunduma atakayemlaumu. Ila cheti kilichotolewa saa mbili asubuhi, kwa kompyuta yake, kilikuwa hakijazaliwa.

Nikaandika 10:15. "Unaniharibia saa," akalalamika. Nikabonyeza. Picha ya magunia yao ya mchele ikajaa kwenye skrini, na vigelegele vikaanzia kwa mama yangu.

Wakataka kuhamia kwenye soda. Nikakataa. Jana niliitwa tapeli kwa sauti kubwa na ikaandikwa. Leo nilitaka ifutwe vilevile.

"Jana nilisema mwenyewe kwamba mimi si mwizi, hamkunisikia," nikamwambia Mwalimu. "Sasa andika wewe."

Akanitazama. Ni mzee ninayempa shikamoo kila tunapokutana, na siku hiyo sikushusha macho. Akafungua daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: tovuti imefunguka, mtengenezaji si tapeli, saa 4:30 asubuhi. Saa hiyo sikuigusa. Daftari ni lake.

"Na muhuri, Mwalimu."

Akaupiga wa kikundi. Ulitoka hafifu. Mama yangu akainuka kwenye kiti chake, akamsogezea wino, akamwambia arudie.