Mchezo Uliokatika Mama Akiongoza

Jumamosi nilikuwa kwa fundi wa kompyuta, Majengo. Wakaingia mume na mke na laptop moja, kila mmoja ameshika upande wake.

"Tunachezaka mupira humu," mama alisema. "Kila nikikaribia kumushinda, mchezo unajifunga. Ni huyu papa anauzima."

Mume, dereva wa lori, aliinua mikono. "Fundi, mimi sigusi kitu. Mwambie."

Fundi aliichunguza mashine. "Mama, papa hana kosa. Haina carte graphique yake, ile ya kuchora picha. Picha zinaazima nguvu ya machine yenyewe. Ukikaribia kushinda, mashabiki wote wanaruka, picha zinazidi, inashindwa." Akapunguza ubora wa picha, akawaondoa mashabiki wote uwanjani. "Mujaribu."

Wakacheza palepale kaunta, sisi wateja tumesimama nyuma yao. Mchezo haukukatika. Mama akafunga bao, akaongeza lingine, nasi tukashangilia badala ya wale waliofutwa. Mume alicheka hadi akajifuta machozi.

Walitoka wameshikana mikono, mume jina lake limesafishwa na timu yake imepigwa. Nawajua wanaume ambao wangechagua kuendelea kushukiwa.